Kila Ubao Unayajua Magoti Yangu

Mlango wa Mama Ragna siku ya Jumapili haukuwa wa kufunguka kwa kugongwa. Ulifunguka kwa jibu. Binti yake Verna akishuka kwenye tramu na kutembea ile mitaa mitatu, alimkuta mama keshasimama nyuma ya mlango wa wavu, mikono kiunoni, aproni imejaa unga.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Huenda Pasadena na kurudi kila siku, na hajawahi kuinuka kitandani."

Verna akasimama kibarazani anawaza, kofia mkononi. Mwanamke wa miaka thelathini na miwili, na kila Jumapili alirudi kuwa wa miaka sita.

"Mgonjwa?"

"Mgonjwa gani anakwenda Pasadena kila siku? Umeshindwa. Nipe mji."

"Mama, mikate yako inaungua."

"Iungue. Nipe mji."

"Haya, nakupa Fargo."

"Fargo siutaki, niliuacha mwenyewe kwa baridi yake. Ongeza."

"Nakupa San Diego."

"Hapo sawa. San Diego nimekwenda, na bahari yake nimeipata, na samaki wote wangu." Mama Ragna akaondoa komeo la mlango. "Ni reli, mwanangu. Hiyohiyo uliyojia. Ingia, futa miguu."

Ndivyo walivyoishi wawili hao tangu walipohama Dakota, baba mtu alipofariki. Mama Ragna alisugua sakafu za matajiri miaka kumi na miwili, na Jumamosi jioni akarudi kusugua ya kwake. Kijumba kilikuwa kidogo, vyumba vitatu na kibaraza, lakini mbao za chini ziling'aa hata ukaona kivuli cha paka akipita. Magoti ya mama yakawa magumu mithili ya ngozi ya kiatu. Alikuwa akiyapapasa na kusema, "Haya ndiyo vidole vyangu vya pili."

Verna kazi yake ilikuwa studio ya filamu. Alipiga taipu kwenye chumba cha waandishi, ghorofa ya tatu, wanaume kumi na mmoja na moshi wa sigara unaokata macho. Lakini si taipu iliyomfanya ajulikane. Verna alikuwa na kisanduku cha kadi. Kadi nyeupe ziliandikwa maneno ambayo waandishi waliyatunga na hayakupata filamu ya kukaa. Kadi za manjano ziliandikwa maneno yaliyosikika kweli, yametoka kwenye midomo ya watu: kwenye tramu, dukani, kanisani, mazikoni. Mwandishi akikwama anapiga kelele kutoka kwenye kiti chake.

"Verna! Nipe mjane mwenye hasira!"

"Wa mjini au wa shamba?"

"Wa shamba, na asiwe na adabu!"

"Adabu hana, ila meno anayo. Chukua huyu."

Wakacheka, wakaandika, na mwezi uliofuata mwigizaji mzuri anatamka kwenye pazia la sinema maneno ya muuza kabichi wa Glendale. Nusu ya kadi za manjano zilikuwa za Mama Ragna. Mwenyewe alijua, na alifurahi. Alikuwa akiuliza, "Wiki hii nimeigizwa na nani?" Na Verna alimsimulia jinsi zile nyumba za studio zilivyo na uso tu, ukifungua mlango unakuta magogo yameegemezwa nyuma na nyasi. Mama alicheka mpaka anafuta machozi kwa aproni. "Nyumba haina ndani! Sasa wanasugua nini?"

Mwaka ule, elfu moja mia tisa thelathini na nne, California ilikuwa na njaa. Watu walilala kwenye magari. Akatokea mwandishi mmoja wa vitabu, akagombea ugavana, akasema viwanda vilivyofungwa vifunguliwe na mashamba yaliyolala yalimwe, wasio na kazi wajizalishie chakula chao wenyewe. Wakubwa walimwogopa, na wakubwa wa studio walimwogopa zaidi. Mama Ragna alimpenda. Kila Alhamisi majirani walikusanyika kibarazani kwake, wanawake kwa wanaume, viti vimekopwa kanisani, kahawa na ile mikate myembamba ya viazi. Waliandika barua na kugawana mitaa ya kwenda kuongea na watu.

Alhamisi moja mzee mmoja wa mtaa akauliza, "Ragna, wewe una nyumba, hudaiwi na mtu. Huyu mwandishi unamtakia nini?"

Mama Ragna akaweka birika chini. Akasema, "Kila ubao wa sakafu hii unayajua magoti yangu. Na watu watano wa mtaa huu walikuwa na mbao zinazowajua, wametolewa nje na benki. Benki haijawahi kupiga goti humu. Ninamtaka huyu ili mtu asiye na goti asichukue nyumba ya mwenye goti."

Opal Stenger, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa mdomo mpana na moyo mpana, akapiga meza. "Mwandikeni huyu kwenye bango!"

Tangu siku hiyo mtaa ulikuwa na salamu. Wakikutana dukani: "Mbao zako zinakujua?" "Zinanijua!" Na Verna, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi jioni ile, alitoa kadi ya manjano kwenye mkoba akaandika ule mstari wa kwanza. Kadi ni ndogo. Mstari mmoja ndio uliotosha. Uliobaki hakuuandika.

Katikati ya mwezi wa Oktoba, Bwana Crandall, mkubwa wa filamu fupi, alishuka mwenyewe mpaka kwenye meza ya Verna. Alikuwa mtu mwenye tabasamu la daktari wa watoto.

"Verna, nina mwanamke mzee anaogopa kupoteza nyumba yake. Sitaki kitu cha hawa walevi wako hapa. Nataka cha manjano."

Verna akafikiri ni ile filamu ya wakulima iliyokuwa ikisemwa. Hakuuliza. Alipekua kwa vidole viwili, akaitoa kadi ya mama yake, akampa, na kifua chake kilijaa.

Bwana Crandall akaisoma, akarudia kuisoma. "Nani alisema haya?"

"Mama yangu."

"Mama yako ndiye anayestahili ofisi ya dirishani."

Siku hiyo Verna alirudi kwake kwa miguu, hakupanda tramu, kwa furaha tu.

Ijumaa yake alitumwa kupeleka karatasi uwanja wa nyuma wa studio. Kule kwenye mtaa wa nyumba za uso mtupu, kamera ilikuwa imesimama mbele ya kibaraza, na kwenye kiti cha kubembea alikaa Bibi Dulcie Hargrave, mwigizaji wa siku nyingi wa vijisehemu vya mpishi na yaya. Walikuwa wamemvika shali iliyotoboka. Mwanamume wa makamo mwenye kofia alijifanya mwandishi wa habari anayepita njiani akiuliza watu.

"Mama, utampigia nani kura?"

"Gavana tuliye naye," akasema Bibi Hargrave, sauti inatetemeka vizuri. "Huyo mwingine na mipango yake ataninyang'anya kijumba changu. Na kila ubao wa sakafu hii unayajua magoti yangu."

"Kata! Tena, na machozi kidogo."

Verna akasimama na zile karatasi. Bibi Hargrave alipomwona akamkonyeza. "Magoti, shoga! Mimi haya nimeyatunza kwa mafuta ya mlozi miaka hamsini. Aliyeandika haya hanijui."

"Hii ni filamu gani?" Verna akauliza.

"Filamu wapi. Habari hii. Inakwenda kwenye kila sinema ya jimbo kabla ya kura."

Alimkuta Bwana Crandall ofisini anakula tufaha.

"Maneno ya mama hayakuwa yanaelekea huko," Verna akasema. "Yeye yuko upande wa pili. Alimaanisha benki."

"Kadi haikusema benki."

"Kadi ilikuwa ndogo."

"Basi si kosa langu, ni la kadi." Akacheka kwa upole. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililomchosha Verna. "Sikiliza, binti. Jimbo hili lina vibibi laki moja, na wote wana magoti. Nani atajua?"

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye bado angeweza kufanya kitu: Farkas, mhariri wa filamu, Mhungaria mwembamba aliyevaa glavu nyeupe mchana kutwa. Verna alimweleza yote. Farkas akavuta utepe wa filamu, akauinua kwenye taa, akahesabu kwa midomo.

"Sekunde nne," akasema. "Nakata hapa, naunga hapa. Bibi anasema kijumba changu, anafunga mdomo. Hakuna atakayehisi. Lakini dada yangu, Crandall ataona. Ataniuliza, Farkas, magoti yako wapi? Nina watoto watatu. Nitasema Verna aliniambia."

"Na mimi nitafukuzwa."

"Leo leo."

Verna akatazama ule utepe. Mwaka ule kazi haikuokotwa njiani. Kina dada kumi waliosoma kuliko yeye walisimama langoni kila asubuhi. Na mama yake sasa alikuwa hasugui tena. Alichokula kilitoka kwenye taipu ya Verna.

"Mama yako huenda sinema?" Farkas akauliza. Mkasi ulikuwa mkononi.

"Haendi. Anasema picha zinamuumiza macho."

"Basi?"

"Basi acha," Verna akasema.

Akateremka ngazi haraka haraka, maana alikuwa ameshasema.

Jumapili ilipofika, mama alikuwa nyuma ya wavu, uso unang'aa kuliko siku zote.

"Kitendawili!"

"Tega, Mama."

"Nimekupa, na mimi ninacho bado. Ukimpa mwingine, mimi na wewe sote tumekikosa."

Verna alilijua jibu kabla mama hajafunga mdomo. Ni siri. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, lakini ulimi haukulibeba.

"Sijui."

"Hujui? Hiki cha watoto? Nipe mji!"

"Nakupa Minot."

"Minot ninao, ulinipa wakati wa Pasaka. Una nini leo? Nipe mwingine."

"Nakupa Sacramento."

Mama Ragna akapiga makofi. "Ndiyo! Sacramento anakokwenda gavana wetu! Ingia, ingia, nina habari."

Habari yenyewe ilikuwa mezani. Sahani kumi na mbili nyeupe zenye ukingo wa waridi, vikombe, visahani, zimepangwa kwa ajili ya watu ambao hawakualikwa. Ndipo Verna alipokumbuka. Sahani zile zilitoka sinema. Kila Jumatano alasiri ile sinema ya mtaani, ili ijaze viti, ilimpa kila mwanamke chombo kimoja mlangoni, wiki hii sahani, wiki ijayo kikombe. Mama Ragna alikwenda mwaka mzima, anapokea chombo chake, anakaa mstari wa nyuma na kufumba macho mpaka picha iishe. Verna alijua. Alikuwa akila kwenye sahani zile kila Jumapili. Lakini mbele ya Farkas, alipoulizwa kama mama yake huenda sinema, alifikiria picha, hakufikiria vyombo.

"Jumatano wanatoa bakuli la mchuzi," mama akasema. "Likija hilo, seti imetimia. Sijawahi kuwa na seti iliyotimia toka nizaliwe."

"Nitakununulia, Mama. Zuri kuliko hilo. Usiende."

"La kununua halifanani ukingo."

"Basi nitakwenda mimi nikuchukulie."

"Wanampa aliyekuja mwenyewe, tena wananijua. Una nini wewe?" Mama akamtazama. "Umekonda. Omba ruhusa Jumatano tuende wote, nitakukalisha karibu yangu ufumbe macho na wewe."

Hapo ndipo angesema. Mikate ilikuwa ya moto, siagi inateleza, na mama alikuwa ametua kijiko chini akimsubiri, maana mama alijua kusubiri jibu. Verna akakata mkate, akaweka sukari, akasema, "Tutakwenda wote."

Jumatano sinema ilijaa. Kina mama wa Alhamisi walikuwepo karibu wote, Opal mstari wa mbele yao, kila mmoja na bakuli lake mapajani. Ilikuwa mchezo wao: kila wiki lazima mmoja aangushe chombo gizani, kipasuke paa! na ukumbi mzima ushangilie. Mama Ragna alilikumbatia lake kwa mikono miwili.

"Mimi siangushi," akanong'ona. "Hata tetemeko lije."

Taa zikazimwa. Ikaja ile habari. Kwanza wanaume wenye matambara wanaruka kutoka kwenye treni ya mizigo, wakisema wamekuja kula bure California. Mama alikuwa amefumba macho. Halafu kile kiti cha kubembea, ile shali.

"Na kila ubao wa sakafu hii unayajua magoti yangu."

Mama Ragna akafumbua macho.

Mbele yao Opal aligeuka taratibu, akamtazama Ragna, akarudi kutazama pazia, akageuka tena. Akafuata wa pili yake. Vichwa vikaanza kugeuka mstari baada ya mstari. Hakuna aliyeangusha chombo.

"Ragna," Opal akasema, si kwa kunong'ona. "Si maneno yako hayo?"

Verna akafungua kinywa. Mama akamwekea mkono kwenye goti, ukabaki pale, mzito.

"Ni maneno yangu," Mama Ragna akasema.

Akasimama. Bakuli akaliweka kwenye kiti alipokuwa amekaa, polepole, lisigonge, akatoka. Verna alilichukua, akamfuata kwenye jua la alasiri.

Wakaumaliza mtaa wa kwanza. Kwenye mtaa wa pili mama akauliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

Mama akatembea hatua chache. "Ijumaa," akasema. "Kwa hiyo Jumapili ulikula mikate yangu ukijua."

"Mama, nilikuwa na nafasi ya kuikata. Ningefukuzwa. Nikasema huendi sinema..."

"Ungefukuzwa, ningeinama tena," mama akasema. "Ninajua kuinama, Verna. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema siku ile. Hukusikia?"

Kesho yake Alhamisi viti vilipangwa. Alikuja Opal peke yake, hakukaa.

"Sisi wanne wa upande wa shule tutakutana kwangu," akasema, anatazama sakafu. "Watu wanasema mwanao yuko studio. Wanasema mmekubaliana. Niambie tu si wewe, Ragna. Niambie ni mtoto, nami nitawatuliza."

Verna alikuwa jikoni, anasikia.

"Nilishasema mimi," Mama Ragna akajibu. "Maneno ni yangu. Nenda, mwenzangu, kahawa isije ikapoa huko."

Uchaguzi ukaja, yule mwandishi akashindwa. Hakushindwa kwa sababu ya magoti ya mama mmoja. Zilikuwepo picha nyingi, na magazeti, na hofu. Lakini kwenye mtaa ule, walipohesabu walichopoteza, walihesabu na Ragna. Dukani hakuna aliyemuuliza tena kama mbao zake zinamjua.

Verna aliomba kadi yake kwa Bwana Crandall. Akampa bila tatizo. "Chukua, imeshafanya kazi." Akaandika nyuma yake maneno yote yaliyobaki, ya benki na mwenye goti, herufi ndogo ndogo mpaka pembeni. Zikatosha. Kumbe zingetosha tangu mwanzo.

Jumapili akapanda tramu, bakuli la mchuzi limefungwa kwenye kitambaa, kadi imo ndani yake. Njia nzima alijiandaa. Alisema moyoni, chochote atakachonitegea leo nitajibu, na nisipojua nitampa mji wowote atakaoutaka.

Akapanda ngazi za kibaraza. Hajainua mkono, mlango wa wavu ukafunguliwa.

"Karibu," Mama Ragna akasema. Aproni yake ilikuwa safi. "Pita, Verna. Chakula tayari."

Verna akabaki kizingitini. "Mama, kitendawili?"

"Chakula kitapoa."

Wakala. Mikate ilikuwa ileile, sahani zilikuwa za zamani, za bati. Mama aliuliza habari za tramu, akauliza kama chumba cha Verna kina baridi. Aliuliza vizuri, kama unavyomuuliza mgeni wa kanisa. Bakuli alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaitoa kadi iliyokuwemo ndani, akaisoma pande zote mbili, akairudisha palepale. Akalipandisha juu ya kabati, mahali pasipofikika bila kiti.

Wakati wa kuondoka Verna alisimama kibarazani, kofia mkononi, wavu kati yao.

"Nakupa mji, Mama."

"Kwa kitendawili kipi?"

"Chochote. Vyote. Nakupa Los Angeles, na kila nyumba iliyomo."

Mama Ragna akautazama ule mtaa, mpaka kule mwisho reli inapopinda. Verna akadhani anachagua.

"Baki nao, mwanangu," akasema. Akalirudisha komeo mahali pake, taratibu, lisilie.